Majina Sitini na Matatu

Shule ilipofungwa, Manjila Shakya hakwenda nyumbani moja kwa moja. Kila siku saa kumi jioni aliteremka njia ya mawe inayopita katikati ya Tansen, mji wa milima ya Nepal, akaingia katika duka la shangazi yake, Ratna. Duka lile liliuza karuwa, birika za shaba za kunywea maji ambazo mji wetu unajulikana kwazo. Manjila alivua viatu, akala chiura, yaani mchele uliopondwa bapa, na viazi vilivyochanganywa na maziwa ya mgando, kisha akachukua kitambaa na kusugua birika moja baada ya nyingine mpaka auone uso wake ndani yake.

Nyuma ya duka, upande wa pili wa pazia, palikuwa na kompyuta ya mezani iliyokuwa karibu na umri wa Manjila mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na rejista ya wachangiaji damu wa mji mzima. Shangazi Ratna alikuwa katibu wa chama cha wachangiaji. Miaka mingi nyuma, mwalimu mmoja wa hesabu alimtengenezea programu ndogo ya kuhifadhi majina, makundi ya damu, namba za simu na tarehe ambayo kila mtu alitoa damu mara ya mwisho. Programu ile iliishi ndani ya kompyuta ile moja tu. Hospitali ikitaka damu, ilimpigia Shangazi. Shangazi alikimbilia nyuma ya pazia, akatafuta, akasoma namba kwa sauti. Umeme ukikatika, au Shangazi akienda harusini, wagonjwa walisubiri.

Mwaka huo kamati ya chama iliamua kwamba rejista ihamishiwe kwenye mtandao, ili wauguzi waweze kuitafuta wenyewe saa yoyote, mradi wawe na neno la siri. Kazi hiyo alipewa kijana aitwaye Amresh Jha, fundi wa programu aliyetoka Janakpur, kule chini tambarare. Alikodi chumba juu ya mgahawa wa Mama Sunkesari, akawa anakuja dukani kila siku na kompyuta yake ndogo ya kukunja, anavua viatu, anasalimia na kupotelea nyuma ya pazia.

Tangu siku ya kwanza Manjila hakumwamini. Hakuwa na sababu ya kueleweka. Kijana alikuwa mpole, alisema Kinepali chenye lafudhi ya tambarare, na alikuwa na tabia ya kunyamaza ghafla mtu akiingia. Akiulizwa neno la siri ni lipi, alicheka na kusema, "Likisemwa si la siri tena." Siku moja Manjila alichungulia penye mwanya wa pazia, akamwona anachomeka flashi kwenye kompyuta ya zamani. Alisubiri, akaichomoa, akaitia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kisha akapiga simu, akaongea Kimaithili, lugha ambayo Manjila hakuijua, akicheka kwa sauti ya chini. Neno pekee lililomwingia Manjila masikioni lilikuwa namba, inayotamkwa karibu kama kwa Kinepali: elfu moja mia moja arobaini na sita.

Hiyo ndiyo iliyokuwa idadi ya watu katika rejista.

Kesho yake shuleni, wakati wa mapumziko, alimvuta kando rafiki yake Dilkumari Saru, ambaye wote walimwita Dilu.

"Nina jambo."

"Lipi? Sema basi, usiniweke roho juu."

"Yule fundi wa Shangazi. Jana nimemwona kwa macho yangu anakopi majina yote kwenye flashi. Yote! Halafu anaificha mfukoni, hivi, kama mtoto aliyeiba peremende."

"Anapeleka wapi?"

"Nitajuaje mimi? Anaongea lugha yake kwenye simu, anacheka, anataja idadi ya watu wetu."

Dilu alikodoa macho. "Anawauza huyo!"

"Sijasema anawauza."

"Sasa mtu ahangaike na majina na damu za watu kwa nini? We hujasikia mijini kuna madalali wa damu? Wanapata namba yako, wanakusumbua mpaka ukubali."

Manjila angeweza kusema, "Sijui, tusubiri tuone." Lakini wasichana wengine watatu walikuwa wamesogea, na wote walikuwa wakimtazama yeye. Ni raha kutazamwa namna hiyo. Akashusha sauti, akasimulia tena tangu mwanzo, na safari hii ile flashi ilikuwa kubwa zaidi na kicheko kilikuwa cha kutisha zaidi.

Jumamosi, siku ambayo shule hazifunguliwi, Amresh alimwita nyuma ya pazia. Mezani palikuwa na rundo la karatasi, rejista nzima ya zamani ikiwa imechapwa. Kurasa zilikuwa arobaini na sita.

"Mdogo wangu, nina kazi ya maana nataka unisaidie," alisema. "Majina yote nimeshayahamisha. Lakini kwenye rejista ya zamani kuna watu walioandikwa mara mbili, nikawaunganisha. Kwa hiyo jumla ya zamani na jumla mpya haziwezi kulingana, na siwezi kujua kwa kuhesabu tu kama kuna mtu nimemwacha. Inabidi mtu aangalie jina kwa jina."

"Kwa nini usiangalie mwenyewe?" Manjila aliuliza kwa ukali kidogo.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyehamisha. Macho yangu yatanipendelea. Shangazi yako ana wateja. Wewe unajua kusoma na una subira. Soma jina kwenye karatasi, litafute kwenye skrini. Ukiliona, na maelezo yake ni yale yale, weka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Usipoliona, liache wazi. Hata kama itachukua siku tatu, sawa tu."

Manjila akaanza. Kurasa nne za kwanza alizifanya kwa uaminifu. Hao walikuwa wachangiaji wa miaka ya mwanzo, wengi wao wazee walioacha zamani kutoa damu. Jina, skrini, alama. Jina, skrini, alama. Majina mia moja yalikula dakika kama ishirini na tano, na yote yalikuwapo. Nje, watoto wa mtaa walikuwa wakirusha tiara juu ya mapaa, maana sikukuu ya Dashain ilikuwa karibu, na sauti ya Dilu ilikuwa ikimwita kutoka kwenye ngazi.

"Manjila! Utaozea humo ndani?"

Manjila alitazama kurasa arobaini na mbili zilizobaki. Ikiwa mia moja wote wamo, alijiambia, hawa wengine watakuwa wamekwenda wapi? Akachukua kalamu nyekundu, akaweka alama ya vema kwenye mstari, na mstari uliofuata, na uliofuata, bila kutazama skrini. Ilimchukua muda mfupi kuliko kusugua birika mbili. Akapanga karatasi vizuri, akazitia kwenye jalada, akatoka.

"Umemaliza yote?" Amresh alishangaa aliporudi.

"Yote. Wamo wote."

"Umefanya kazi ya watu wawili. Ahsante sana, mdogo wangu."

Manjila hakumtazama usoni. Ajabu ni kwamba tangu saa ile alizidi kumshuku.

Wiki ile maneno yalienea mjini kama mafuta juu ya maji. Dilu alimwambia mama yake, mama yake akayasema bombani, bombani yakapanda mpaka kwa Mama Sunkesari. Watu waliokuwa wakimwitikia Amresh salamu wakawa wanajifanya wanatafuta kitu mifukoni. Jumatano Mama Sunkesari alimwambia kwamba chumba chake kina mgeni anayekuja kwa Dashain, atafute kwingine. Alhamisi kompyuta ya zamani ilikataa kuwaka. Shangazi alibonyeza, akapuliza vumbi, akaipiga kofi ubavuni, wapi. Amresh alisema kwamba imekula unyevu wa masika yote. Shangazi hakujibu. Yeye pia alikuwa ameyasikia yale maneno, na Manjila aliona jinsi alivyomtazama yule kijana, kwa jicho la mtu anayepima birika yenye ufa.

Ijumaa shule hufungwa mapema. Manjila alikuwa ndiyo kwanza ameshika kitambaa Dilu alipoingia dukani anahema, nywele zimemfumuka.

"Shangazi! Ni dada yangu Bimala! Amejifungua lakini damu haikomi. Wanasema anahitaji O hasi, na hospitali hawana!"

Wakati huo huo simu ya Shangazi ililia. Alikuwa muuguzi. Shangazi alisikiliza, akakunja uso.

"Angalia vizuri, binti... Wawili tu? Huyo wa kwanza yuko Qatar, amekwenda kufanya kazi. Na huyo wa pili? Ametoa wiki tatu zilizopita, haiwezekani... Na Nanda Kumari je? Nanda Kumari Gaha, mfumaji?" Akasikiliza. "Hayumo? Hayumo vipi? Namjua kwa sura!"

Aliweka simu chini, akafungua kompyuta mpya iliyonunuliwa na chama, akatafuta mwenyewe. Jina la Nanda Kumari halikuwapo. Ni kama mwanamke yule hajawahi kuzaliwa.

"Karatasi," Shangazi alisema. "Manjila, lete jalada!"

Alipekua kurasa harakaharaka. Ukurasa wa ishirini na nane ulikuwa naye: Gaha, Nanda Kumari, O hasi, namba ya simu. Na kando ya jina, alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Shangazi aliitazama alama hiyo, kisha akachukua simu. Alipiga namba. Simu ikaita mpaka ikakatika.

"Yuko kwenye mtambo wake wa kufumia, hasikii. Kimbieni! Nyumba ya chini kabisa, baada ya hekalu."

Wasichana walikimbia kama wanaokimbizwa. Ndani ya nyumba ile mtambo wa kufumia ulikuwa ukigonga tak-tak, tak-tak, na mwanamke mnene mwenye miwani alikuwa akipitisha nyuzi nyekundu na nyeusi.

"Mama!" Manjila alipiga kelele. "Mama, damu yako!"

Mwanamke alisimamisha miguu. "Damu yangu imefanya nini?"

"Inatakiwa hospitali! Dada yake huyu, amejifungua, anatoka damu nyingi!"

Nanda Kumari alivua miwani, akatupa shali begani. "Nimekula, nina afya, na miezi mitatu imepita. Mnasubiri nini?" Na mwanamke yule mnene akapanda ule mlima kwa kasi kuliko wasichana wote wawili.

Katika karatasi zile zile Shangazi alimpata mwingine wa O hasi, dereva wa lori, ambaye kwa bahati alikuwa nyumbani. Naye kwenye skrini hakuwapo. Naye alikuwa na alama nyekundu.

Kabla ya jua kuzama, mwenyekiti wa chama alifika dukani. Alikuwa Kapteni Khem Rana, mwanajeshi mstaafu aliyetembea wima kama bado yuko kwenye gwaride. Amresh aliitwa. Alisimama karibu na rafu ya birika, mikono nyuma.

"Watu wawili wa damu adimu sana," Kapteni alisema. "Wamefutika. Mwenye ufunguo wa mtandao ni nani?"

"Mimi, Mama Ratna na muuguzi mkuu," Amresh alijibu. "Lakini sijafuta mtu yeyote, Kapteni."

"Wenzako wa tambarare walikutuma uchukue rupia ngapi kwa kila..."

"Kapteni," Shangazi alimkatiza. "Tambarare haihusiki hapa. Tuulize yaliyotokea." Akamgeukia Manjila, akafungua ukurasa wa ishirini na nane. "Mwanangu, alama hii umeiweka wewe?"

"Ndiyo."

"Jumamosi, ulipoiweka, jina la Nanda Kumari lilikuwa kwenye skrini? Ulimwona?"

Manjila aliitazama ile alama nyekundu. Akisema hapana, wote watajua. Akisema ndiyo, basi mkosaji ni yule fundi tu, na si watu wote wanasema hivyo hivyo? Si ni yeye mwenye flashi?

"Nilimwona," alisema.

Amresh aliinua kichwa. Hakukasirika. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeomba maji: "Mdogo wangu, uliliona jina lenyewe?"

"Amekwambia ameliona!" Kapteni alifoka. "Jumamosi lilikuwapo, Ijumaa halipo. Limetembea lenyewe? Lete hiyo flashi. Na hiyo kompyuta yako. Kesho saa nne kamati inakutana hapa, na baada ya hapo tunakwenda polisi."

Amresh alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa flashi, akaiweka juu ya meza pamoja na kompyuta yake ya kukunja. Kisha akavaa viatu vyake akaondoka, na Manjila aliona kwamba alifunga kamba za kiatu kimoja tu.

Chakula cha jioni kilimshinda Manjila. Dilu alipita mlangoni kwao akicheka na kulia kwa pamoja: Dada Bimala amefungua macho, mtoto ni wa kike, ana nywele nyingi kama kofia. "Na yule mwizi wako kesho anakamatwa," aliongeza. "Usingemwona na flashi, nani angejua?"

"Eeh," Manjila alisema. Akafunga mlango.

Alfajiri alikuwa wa kwanza kugonga mlango wa duka. Shangazi alifungua akiwa bado na mswaki mkononi.

"Nataka kuangalia tena majina," Manjila alisema. "Nifungulie kompyuta."

"Si uliyaangalia?"

Manjila alitazama vidole vya miguu yake. Shangazi alimkazia macho kwa muda mrefu, kisha akafungua kompyuta, akaandika neno la siri, akaenda kuchemsha chai bila kuuliza tena.

Safari hii Manjila alitumia kalamu ya buluu. Hakuanza ukurasa wa kwanza. Alianza wa tano, pale alipoachia. Jina, skrini. Jina, skrini. Katika ukurasa wa sita alimkosa mtu wa kwanza. Katika ukurasa wa saba alikosa watatu, wote wamewekewa alama nyekundu kwa mkono wake mwenyewe. Kila aliyekosekana alimwandika kwenye daftari pamoja na maelezo yake yote. Chai ilipoa, macho yakamwasha, vidole vikafa ganzi, na hakusimama. Saa nne kasorobo alikuwa na majina sitini na matatu.

Alipoyatazama yakiwa yamepangwa hivyo, aliona kitu. Hawakuwa wa kundi moja la damu. Hawakuwa wa mtaa mmoja wala wa kabila moja. Lakini safu ya tarehe ya mwisho ya kutoa damu ilikuwa ikijirudia kama wimbo: tarehe thelathini na moja Jetha, mwezi wa pili wa kalenda yetu. Tarehe thelathini na moja Jetha. Hamsini na nane walikuwa hivyo, maana hiyo ndiyo siku ambayo chama kilisherehekea siku ya wachangiaji, na mji mzima ulikuwa umepanga foleni. Watano waliobaki walitoa damu tarehe thelathini na mbili ya Saun, mwezi wa nne. Hakuelewa maana yake. Lakini alielewa kwamba mwizi wa majina hachagui watu kwa tarehe.

Kamati ilikaa kwenye mikeka kati ya rafu za birika. Amresh alikaa peke yake karibu na mlango, begi lake likiwa limefungwa. Kapteni alikohoa ili aanze, na Manjila akasimama kabla hajaanza.

"Jana nilisema uongo," alisema. "Sikumwona Nanda Kumari kwenye skrini. Niliangalia kurasa nne tu. Zote zilizobaki niliweka alama bila kuangalia, kwa sababu nilitaka kwenda kucheza. Leo nimeangalia kweli. Waliokosekana si wawili. Ni sitini na watatu."

Kapteni alijaribu kumkatiza, lakini Manjila aliendelea.

"Na lile neno la kwamba anauza majina, lilianzia kwangu. Nilimwona na flashi. Sikumwona anauza kitu." Akamsogelea Amresh, akampa daftari kwa mikono miwili. "Kaka Amresh, wote wana tarehe hizi. Sijui kwa nini."

Amresh alipokea daftari. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu akajipiga kofi la paji la uso mpaka wanakamati wakashtuka.

"Thelathini na mbili! Jamani, mimi mjinga!" Akageuka kwao. "Baadhi ya miezi yetu ina siku thelathini na moja, wakati mwingine thelathini na mbili. Lakini programu ya mtandaoni imetengenezwa na watu wa kalenda nyingine. Kwao mwezi wa pili hauzidi siku ishirini na tisa, na wa nne ni thelathini tu. Ilipoona mwezi wa pili tarehe thelathini na moja, ikasema hakuna siku kama hiyo duniani, ikautupa mstari mzima na mtu wake."

"Kwa hiyo hakuna aliyefuta?" Shangazi aliuliza.

"Hakuna, Mama. Lakini kosa langu lipo, na ni kubwa. Programu ilipokuwa ikihamisha ilikuwa inalalamika kila mara, nikaiamuru inyamaze. Kama ningeiacha ipige kelele, ingeniambia. Kalenda yetu nimezaliwa nayo. Nikasahau kwamba mashine haikuzaliwa hapa." Alinyoosha kidole kwenye flashi mbele ya Kapteni. "Wote wako humo. Ni nakala ya akiba, kwa ajili ya siku kama ya juzi, kompyuta ilipokufa. Na hiyo simu, alikuwa mama yangu. Kila siku ananiuliza nimefika jina la ngapi, kwa sababu nikimaliza ndipo nitakwenda nyumbani kwa sikukuu."

Kapteni Khem Rana aliinuka, akaichukua flashi na kompyuta, akazipeleka mwenyewe mpaka mlangoni na kuziweka mbele ya Amresh.

"Jana nilitaja kwenu kwa ubaya," alisema. "Sikupaswa. Nisamehe, kijana."

"Yamekwisha, Kapteni," Amresh alisema, ingawa ilionekana kwamba hayajakwisha kabisa. Alifungua kompyuta yake, akabadilisha programu ili safu ya tarehe ifuate kalenda yetu, na ikiona jambo isilolijua ipige kelele badala ya kutupa. Kufikia saa nane mchana watu sitini na watatu walikuwa wamerudi, na Manjila alikuwa ameketi kando yake akimsomea jina kwa jina. Mara mbili Amresh alimwambia, "Rudia hilo," na mara mbili alirudia bila kununa.

Walipomaliza, Shangazi alivaa shali. "Viatu," alimwambia Manjila. "Kuna mahali tunakwenda."

Walikwenda kwanza kwa kina Dilu, kisha bombani, kisha kwa Mama Sunkesari. Kila mahali Shangazi alisimama nyuma, mikono kifuani, akamwacha Manjila aseme mwenyewe. Dilu alilia, akasema yeye ndiye aliyetia chumvi. Mama Sunkesari alishika mdomo. "Na mimi nimeshamtolea godoro nje! Mwambieni arudi, nimpikie samaki wa kwao." Lakini bombani mwanamke mmoja alijaza ndoo yake polepole, akasema, "Mh. Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Manjila alirudia maelezo yake tangu mwanzo, na mwanamke yule akatikisa kichwa tu, akaondoka na maji yake.

Walipokuwa wakipanda kurudi, Manjila alikuwa akijifuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Yule hakuniamini, Shangazi. Nimemwambia ukweli na hakuamini."

"Ndivyo ilivyo," Shangazi alisema. "Sikiliza, mwanangu. Ile alama ya kalamu ni neno. Ukiiweka umesema, 'Nimeona.' Usipoona, umedanganya, hata kama hujafungua mdomo, na Dada Bimala nusura alipie uongo huo. Kisha, kwa kuwa ulijua moyoni umekosea, ukatafuta mtu mwingine wa kumshuku, ili usijitazame. Na mimi mkubwa mzima nikakufuata, maana nilimpima mgeni kwa maneno ya bombani badala ya kumwuliza. Makosa haya ni yetu sote. Lakini leo umesimama mbele ya watu ukasema kweli bila kuburutwa, na hilo sitalisahau."

Walitembea hatua kadhaa.

"Majina sitini na matatu yamerudi kwa siku moja," Shangazi aliendelea. "La Amresh litachukua muda zaidi, kwa sababu halikufutwa na mashine. Yule mama wa bombani, kesho utamwambia tena. Na keshokutwa. Mpaka aamini."

"Na asipoamini?"

"Utakuwa umesema kweli mara tatu. Uzoee kuisema."